Ligi Ikifungwa, Hesabu Zifunguliwe

Kila mwaka, Ligi Kuu ya Tanzania Bara inapomalizika na kabla ya nyingine kuanza, hupita majuma kadhaa ambayo mpira hauchezwi lakini maneno hayakomi. Ni kipindi cha usajili. Wachezaji huachwa na wengine huletwa, makocha hufukuzwa au huondoka wenyewe, na viongozi hupokezana viti. Katika kipindi hicho mpenzi wa mpira hana goli la kushangilia wala mwamuzi wa kumlaumu. Hubaki na jambo moja tu, nalo ni kungojea uongozi wa klabu yake umweleze kinachofanyika. Mara nyingi hungojea bure.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kumtazama mpenzi wa mpira wa Kasulu na Kibondo. Wilaya hizo ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande unaopakana na Burundi. Wenyeji wake ni Waha, watu wa jembe, wanaolima mahindi, maharage, mihogo na kahawa, na Kibondo inasifika pia kwa asali. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mkoa unayo timu yake ya Mashujaa, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, na ambayo imepata kuitoa Simba katika Kombe la Shirikisho la hapa nchini mara mbili, mwaka 2018 na mwaka 2024. Hata hivyo, kama ilivyo nchi nzima, mapenzi ya wengi yamegawanyika kati ya Yanga na Simba. Hulipa kiingilio kwenye vibanda umiza wakazitazama timu hizo usiku, na asubuhi huenda shambani wakibishana.

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba asidhani kwamba habari hii haimhusu. Yeye ametengwa na Jangwani na Msimbazi kwa bahari. Muha ametengwa nazo kwa milima na barabara ndefu. Wote wawili ni wapenzi wa mbali, na shida yao ni moja.

Tuanze na mfuko wa mpenzi huyo. Ligi humalizika kiangazi kinapoingia. Ni wakati ambao mkulima wa Kasulu amekwisha vuna na ameuza magunia yake mawili matatu ya maharage. Ndio wakati huo huo klabu hutoa jezi mpya, huhimiza watu kulipia kadi za uanachama, na huandaa sherehe kubwa za kutambulisha wachezaji, kama vile Siku ya Simba na Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Kwa hiyo ligi hufungwa, lakini mfuko wa mwanachama haufungwi. Anaombwa fedha wakati ule ule ambao anapewa maelezo machache kuliko wakati mwingine wowote.

Mifano haiko mbali. Mwaka 2013 klabu ya Simba haikumwongezea mkataba kipa Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, aliyekuwa ameitumikia kwa miaka mingi. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa Yanga. Mwezi wa Juni 2024, baada ya msimu mbaya, wajumbe wa bodi ya Simba walijiuzulu na uenyekiti ukarudi kwa mwekezaji, Ndugu Mohammed Dewji. Majuma machache baadaye, tarehe 1 Julai, Yanga ikatangaza kuwa imemchukua Clatous Chama, kiungo aliyependwa sana na wapenzi wa Simba. Wachezaji wapya zaidi ya kumi wakaletwa. Matunda yalionekana kwa kiasi, kwani mwezi wa Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco ukachezwa hapa hapa Visiwani, katika uwanja wa Amaan. Lakini kombe lilikwenda Morocco, na ubingwa wa Bara ukabaki kwa Yanga kwa mara ya nne mfululizo.

Yanga nao wasicheke. Katika msimu huo huo wa 2024/25 waliouchukua ubingwa, walifundishwa na makocha watatu. Na mgogoro wao na kijana wetu wa Zanzibar, Feisal Salum, ulioanza Desemba 2022, ulidumu takriban miezi sita, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipowataka waumalize. Mwezi wa Juni 2023 Feisal akaenda Azam. Katika miezi yote hiyo, mwanachama aliyetaka kujua ukweli alilazimika kuokota tetesi.

Hatusemi kwamba uamuzi wa kumwacha huyu au kumwajiri yule ulikuwa mbaya. Viongozi wa klabu wanazo sababu zao, na nyingine ni nzito. Mchezaji hununuliwa kwa mashindano, na klabu itakayotangaza mapema kiasi cha fedha iliyonacho itajikuta imepandishiwa bei au imenyang'anywa mchezaji mlangoni. Mazungumzo ya mkataba hayafanyiki barazani. Hilo tunalikubali kabisa.

Lakini siri ya mazungumzo ni jambo moja, na ukimya baada ya mazungumzo ni jambo jingine. Dirisha la usajili likishafungwa, hakuna tena mpinzani wa kufichwa. Anayefichwa wakati huo ni mwanachama. Kwa nini fulani aliachwa? Nani alipendekeza aletwe mwingine ambaye baada ya nusu msimu amekaa benchi? Zilitumika fedha kiasi gani, na zilitoka wapi? Maswali hayo hayaivunji klabu. Yanayoivunja ni majibu kutolewa na watu wasiojulikana, vijiweni na kwenye simu, huku viongozi wenye majibu wamekaa kimya.

Tena, klabu hizi ni mali ya nani? Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zikiwa vyama vya wanachama. Zilipoingia katika mfumo wa uwekezaji, msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi asilimia 49. Wanachama wa Simba waliyakubali mabadiliko hayo mwaka 2017, na wale wa Yanga mwaka 2021. Maana yake ni kwamba mkulima wa Kibondo mwenye kadi, akiwa pamoja na wenzake, ndiye mwenye sehemu kubwa. Basi ni mwenye mali wa namna gani huyu, ambaye hupata habari za mali yake baada ya jirani?

Tuwatazame pia wenzetu wasio na bahati hiyo. Huko Marekani mchezo wa besiboli unapendwa kama kandanda inavyopendwa kwetu, lakini timu ni mali ya matajiri binafsi. Wapenzi wa timu ya Athletics ya mji wa Oakland walinung'unika kwa miaka mingi kila msimu ulipofungwa, kwa sababu uongozi uliwaacha wachezaji wazuri waondoke na haukuweka wengine wa kiwango chao. Tarehe 13 Juni 2023 wapenzi zaidi ya 27,000 walikwenda uwanjani kwa makusudi, wengi wakiwa wamevaa fulana zenye neno la kumtaka mwenye timu aiuze. Haikusaidia. Mwezi wa Septemba 2024 timu ilicheza mchezo wake wa mwisho Oakland, ikahama. Wapenzi wale walikuwa na mapenzi, sauti na umoja. Walichokosa ni kura. Sisi kura tunayo katika katiba za klabu zetu. Lakini mwenye kura asiyepewa habari hana tofauti kubwa na yule aliyevaa fulana.

Mwaka 1971, mwaka ule ule ambao klabu ya Sunderland ilichukua jina la Simba, TANU ilitoa Mwongozo uliowakataza viongozi kuwadharau wale wanaowaongoza. Wazee wa Kasulu na Kibondo wanaikumbuka pia Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ilipohamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Wanaijua vyema tofauti kati ya kiongozi anayekuja kueleza kwanza na yule anayekuja kuamrisha. Dini zetu nazo zinatufundisha kwamba uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Haikusemwa popote kwamba amana ya mpira haimo.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Kwanza, katika siku thelathini baada ya ligi kumalizika, kila klabu ya wanachama itoe taarifa ya msimu kwa Kiswahili chepesi, ikieleza mapato, matumizi, mafanikio na mapungufu. Taarifa hiyo ipelekwe kwenye matawi yote na isomwe mbele ya wanachama. Pili, usajili ukishafungwa, watajwe waliousimamia na ielezwe jumla ya fedha zilizotumika, ili sifa na lawama ziende kwa wenyewe. Tatu, viongozi watumie kipindi hicho kutembelea matawi ya mikoani. Timu ikifika Kigoma kucheza na Mashujaa katika uwanja wa Lake Tanganyika, viongozi wanaweza kupanda hadi Kasulu na Kibondo na kurudi. Vivyo hivyo wanaweza kuvuka maji kuja Unguja na Pemba wakati ambao hakuna kombe la kuwaleta.

Kwa upande wa Serikali, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Msajili wa vyama vya michezo anazo katiba za klabu mkononi. Tunawaomba wahakikishe mikutano mikuu inafanyika kwa wakati na hesabu zilizokaguliwa zinawekwa mezani. Huko si kuingilia uendeshaji wa timu. Serikali haimchagulii kocha mshambuliaji, bali inamlinda mwanachama asidhulumiwe haki aliyopewa na katiba yake. Nao maofisa wetu, ambao wengi ni mashabiki wakubwa, waache kuonekana jukwaani siku za ushindi tu.

Wanachama nao wana wajibu. Mwanachama asiyelipa ada, asiyehudhuria mkutano wa tawi na asiyeisoma katiba, hana uzito wa kudai. Matusi dhidi ya kiongozi au mchezaji si swali, na hayajapata kuleta jibu. Swali lililoandikwa, likapitishwa na tawi na kupelekwa makao makuu kwa jina la wanachama wote, kiongozi atakuwa na kazi kubwa ya kulikwepa. Matawi ya Kasulu, Kibondo, Unguja na Pemba yakiuliza swali hilo hilo katika mwezi mmoja, hataweza kulikwepa kabisa.

Kushindwa uwanjani kuna dawa, maana msimu mwingine utakuja. Mkulima wa Kibondo anaweza kuvumilia timu iliyofungwa, kwani amezoea pia miaka ya mvua haba. Asichopaswa kukivumilia ni kuombwa mbegu kila mwaka na watu wasiotaka kumwonyesha ghala. Ligi itakapofungwa tena, tunataka hesabu zifunguliwe.