Karamu ya Robin Hood

Mabishano kuhusu Robin Hood hayaishi bwenini. Huyu anasema ni mkombozi wa maskini, yule anasema ni mwizi tu kama wezi wengine. Mimi naona wote wamepita mbio mahali penye utamu, yaani mezani.

Katika utenzi wa kale wa Kiingereza uitwao A Gest of Robyn Hode, uliochapishwa miaka ipatayo 500 iliyopita, Robin anakataa kula mpaka apatikane mgeni. Little John na wenzake wanatumwa barabarani, wanarudi na mwungwana mmoja mpanda farasi, uso umejaa huzuni. Ananawa mikono, anaandaliwa mkate, divai, matumbo ya kulungu na ndege wa mtoni. Jamani! Mwenyewe anakiri kwamba kwa majuma matatu hajala hivyo. Kisha anaambiwa alipe. Anasema ana shilingi 10 tu. Little John anatandika joho chini, anahesabu, anakuta ni kweli. Basi badala ya kunyang'anywa anakopeshwa pauni 400 akakomboe ardhi yake kwa abati wa York. Baadaye analetwa mtawa wa abati yule yule. Naye analishwa, anadai ana maki 20, kumbe mzigoni mna zaidi ya pauni 800. Zote zinabaki msituni.

Kwa hiyo pale mezani haikuulizwa nani maskini, iliulizwa nani msema kweli.

Mtaniuliza, kumlisha mtu kwa lazima halafu kumdai, huo ni ukarimu gani? Hapo simtetei. Hata nyama haikuwa yake, kulungu walikuwa wa mfalme. Lakini sheria hiyo ya misitu ilikuwa kali mno. Kabla ya Hati ya Misitu ya mwaka 1217, mtu aliweza kupoteza uhai au kiungo kwa sababu ya kitoweo. Baadaye ikawa faini au kifungo cha mwaka na siku moja. Nadhani ndiyo maana watunzi walizirefusha karamu hizi. Aliyekatazwa nyama alishiba kwa masikio.

Wizi ulikuwapo, sikatai. Liwali wa Nottingham alipakuliwa chakula katika vyombo vyake mwenyewe vya fedha, vilivyoibwa na Little John akisaidiwa na mpishi wa liwali huyo huyo. Alipovitambua, hamu ya kula ikamtoka. Nilicheka peke yangu maktabani.