Mama, Unanisikia?

Mwezi huu natamani tuzungumze juu ya matembezi ya familia, na hasa juu ya lile swali linalotusumbua kila tutokapo na watoto: "Wale wako wapi?"

Mwezi Julai 2023, mimi na mwanangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 11, tulikwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi na mumewe Marekani, katika jimbo la Tennessee. Siku moja tukafunga safari ya kwenda Hifadhi ya Milima ya Great Smoky. Tulikuwa watu tisa katika magari mawili. Kabla hatujaondoka, shemeji alileta simu nne za upepo, zile ambazo wengine huziita woki-toki. Akaweka moja katika kila gari, na mbili akawapa watoto wakubwa.

Mimi nikacheka. "Shemeji, kila mtu hapa ana simu ya mkononi. Hizi za kipolisi ni za nini?"

Akajibu kwa upole, "Dada, huko tuendako simu yako itakuwa saa ya kutazama tu."

Na kweli, tulipoingia milimani mtandao ulikatika. Tulipita bonde linaloitwa Cades Cove, lenye barabara ya mzunguko ya kilomita 18 hivi, ambayo magari huenda upande mmoja tu. Akionekana dubu, kila gari husimama, na ninyi mlio nyuma hamjui mwenzenu amefika wapi. Simu za upepo zilitusaidia sana pale. Gari la mbele likasema limesimama kwa ajili ya mtoto aliyetaka choo, nasi tukajua pa kuwakuta. Nikaanza kuziheshimu.

Kisha tukaacha magari, tukashika njia ya miguu iendayo maporomoko ya Abrams, yapata kilomita 4 kwenda na nyingine 4 kurudi. Mwanangu na binti wa mdogo wangu, mwenye miaka 13, wakaomba kutangulia. Tukawaruhusu, maana walikuwa na simu zao. Kila baada ya muda nilikuwa naita, nao wananijibu kwa furaha. Mara njia ikazunguka mkono wa mlima. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Chini yetu mto ulikuwa ukivuma.

Wapendwa, mnajua jinsi tumbo la mama linavyokuwa katika saa kama hiyo. Mdogo wangu akanilaumu kwa kuwaruhusu watoto, nami nikamlaumu yeye, huku tunatembea mbio. Tulipoizunguka ile kona, tukawaona wameketi juu ya jiwe kando ya njia, mbali na mto, wanakula njugu.

"Mama," akasema mwanangu, "tulikuita mara tatu hukujibu. Baba mdogo alisema tukikosa jibu mara tatu tusimame hapo hapo tulipo. Ndiyo tukasimama."

Mimi sikuwa nimeyasikia maneno hayo. Shemeji aliyasema pale tulipoegesha magari, wakati mimi naendelea kucheka. Simu ile ilikuwa nzima, na betri zilikuwa na nguvu. Kilichotutenganisha ni mlima. Na kilichowalinda watoto wetu ni kule kuagizwa mapema.

Jioni nilimwomba shemeji anifundishe vizuri, nami nawapasha ninyi.

Kwanza, mawimbi ya simu hizi ndogo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima, ukuta wa zege au msitu mnene huyapunguza au kuyazuia kabisa. Boksi laweza kuandikwa maili 35, yaani kilomita 56, lakini hizo ni za kutoka kilele hadi kilele. Msituni usishangae ukipata kilomita moja tu.

Pili, anasema mmoja kwa wakati. Bonyeza kitufe, ngoja kidogo, sema, kisha achia. Mtoto akisahau kidole juu ya kitufe, yeye hasikii, na wenzake wote wanazibwa. Wafanyeni mazoezi nyumbani, mmoja akiwa jikoni na mwingine uani.

Tatu, hakuna siri humo. Zipo namba ziitwazo namba za faragha, lakini hizo hukuzuia wewe usisikie kelele za wengine. Hazimzuii mwingine asikusikie wewe. Basi mtoto asitaje hewani jina lake kamili, wala mahali mnapolala. Mpeni jina la kuitia, kama "Kifaranga" au "Simba".

Nne, sheria. Huko Marekani simu za namna ile, zenye nguvu ndogo, hutumiwa na kila mtu bila leseni. Mdogo wangu alitaka kunizawadia mbili nije nazo nyumbani, lakini shemeji akamzuia. Masafa yanayoruhusiwa Marekani siyo yale ya Ulaya, ambako simu za familia hutumia masafa ya megahezi 446, na kila nchi ina utaratibu wake. Kwa hiyo usinunue wala kubeba mpaka umeuliza: Tanzania uliza TCRA, Kenya uliza Mamlaka ya Mawasiliano. Ni heri kuuliza kuliko kunyang'anywa.

Lakini, mpendwa msomaji, usije ukasema habari hii si yako kwa sababu huna simu ya upepo. Agizo la shemeji halihitaji betri. Huko California, baada ya mtoto wa miaka 9 kupotea mlimani mwaka 1981 na kukutwa amefariki, watu walianza kuwafundisha watoto hivi: ukijua umepotea, kumbatia mti, usitembee tena. Mtoto aliyetulia hupatikana upesi kuliko anayehangaika huku na huko.

Hebu fikiri juu ya Coco Beach siku ya Krismasi, au viwanja vya Sabasaba. Simu za mkononi hulemewa na wingi wa watu, na mtoto mdogo hana simu. Kabla ya kushuka garini, wakusanye watoto dakika tano. Waonyeshe mahali pa kukutania. Mtoto ajue jina lako halisi, maana "Mama" wako wengi. Kila mmoja avae filimbi shingoni, na mlio mara tatu uwe ni wa kuomba msaada, siyo wa mchezo. Kisha waambie: "Ukiniita mara tatu usinisikie, simama hapo hapo. Mimi ndiye nitakayekuja."

Na ukishasema hivyo, nenda kweli. Mwanangu aliketi juu ya lile jiwe bila kulia, kwa kuwa aliamini kuna mtu anakuja. Nilipomuuliza kama aliogopa, alinitazama kwa mshangao. "Niogope nini, Mama? Si ulikuwa nyuma yangu?"

Hadi mwezi ujao, matembezi mema.