Bastola ya Gumegume na Ushahidi Wake

Kukusanya bastola za gumegume zilizotumiwa na jeshi la majini la Uingereza katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 ni upenzi wa watu wengi wenye nafasi na fedha. Si ajabu zikipendwa, ingawa hazikuundwa kwa urembo. Bastola ya namna ya mwaka 1756 ilikuwa na kasiba ya inchi 12, kitako kilichovikwa kofia ya shaba, na kulabu ubavuni ya kuitundika mshipini. Baharia aliyerukia merikebu ya adui alikuwa na risasi moja tu. Ikisha toka, hakuwa na wasaa wa kushindilia baruti tena; aliishika bastola kwa kasiba, akapiga kwa kitako kama apigaye kwa rungu.

Lawama haiwaangukii wakusanyaji kwa kukusanya kwao. Yawaangukia wale miongoni mwao ambao, pamoja na mafundi wao, hukivua kitu cha kale maisha yake.

Mwaka 1807 Alexander Forsyth, kasisi wa Uskoti, alipata hati ya uvumbuzi wa kuwasha baruti kwa dawa ilipukayo ikigongwa. Kwa njia hiyo fataki ilizaliwa, na katika miaka ya 1830 na 1840 gumegume liliachwa. Baadhi ya bastola za zamani hazikutupwa, bali ziligeuzwa: kisahani cha baruti kiling'olewa pamoja na chuma kilichopigwa na jiwe, matundu ya parafujo yakazibwa, na nyundo ya fataki ikatiwa. Leo soko hulipenda zaidi gumegume. Kwa hiyo mafundi hung'oa nyundo ile, wakatia kisahani na chuma vipya, na kazi hiyo huiita kurudisha asili.

Watetezi wake husema ya kuwa bastola ilizaliwa na gumegume, basi kuirudishia ni kuitendea haki. Hoja hii ina sura ya haki, lakini haki yenyewe haimo. Kisahani kinachotiwa kimechongwa juzi. Nyundo inayotupwa ilikaa mahali pake zaidi ya karne moja na nusu. Katika viwili hivi, kipi ni mgeni? Mwanachuoni aliyekabidhiwa muswada wa utenzi wenye masahihisho ya mnakili wa baadaye hayakwangui kwa kisu ili aandike kwa wino mpya maneno anayodhani ni ya mtunzi. Akifanya hivyo ataitwa mghushi, hata kama dhana yake ni sawa.

Wengine husugua chuma mpaka king'ae. Pamoja na kutu huondoka taji na herufi GR za wafalme walioitwa George, na mshale uliokuwa alama ya mali ya serikali. Na mkono usioona haya kufuta alama ya kweli, utaona haya gani kuchora ya uongo, ikiwa jina la merikebu mashuhuri huongeza bei?

Tena, hasara haimpati mnunuzi peke yake. Wengi wa mabaharia wale walikamatwa kwa nguvu wakatiwa merikebuni, na hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Ufa wa mti na mbonyeo katika shaba ya kitako huenda ndiyo maneno pekee yaliyobaki kutoka mikononi mwao. Asuguaye huwanyamazisha mara ya pili.

Dawa yake si ngumu. Chuma kipakwe mafuta, kutu izuiwe isile zaidi, kisha kitu kiachwe na umri wake. Bastola iliyokwisha geuzwa iuzwe kwa jina hilo waziwazi, na vipande vilivyotolewa vifuatane nayo. Asiyeweza kuvumilia uzee wa kitu cha kale na anunue kipya. Vipya vipo tele, na havimdhulumu mtu.