Maji ya bwawa la samaki yasimwagwe ovyo

Siku hizi ukizungumza na jamaa walioko nyumbani, wengi wanataka kuchimba bwawa la samaki, na wengi wetu huku nje tumekwisha kutuma fedha. Sisi hatupingi. Tunachosema ni kwamba hesabu inafanywa nusu. Bwawa huchimbwa mara moja, lakini chakula cha samaki hununuliwa kila siku, na mara nyingi hicho ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama. Tena humo ndani mna dagaa, ambao wangeliwa na watoto wetu.

Na chakula hicho kinakwenda wapi? Katika naitrojeni iliyomo, samaki hubakiza mwilini robo hivi, pengine theluthi. Iliyobaki hutoka kama amonia na kinyesi, ikamwagwa mtoni. Yaani tunanunua protini, tunatupa mbolea!

Maji hayo yakituama, kisha yakapitishwa kwenye tangi pana la kina kifupi, juani, huota mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ila maji hugeuka kijani. Mwani huo hula amonia na fosforasi, na mchana hutoa oksijeni. Spirulina ikikaushwa ina protini asilimia 55 hadi 70. Wakanembu wa Ziwa Chad wameivuna na kuila tangu zamani, na heroe wadogo wa Ziwa Natron huitegemea. Kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya Wazungu.

Ugumu uko kwenye kuvuna. Spirulina ni nyuzi, huchujwa kwa kitambaa, lakini hupenda maji ya magadi. Klorela huota katika maji baridi ya kawaida, ila ni ndogo hata kitambaa hakiizuii, na mashine ya kuitenganisha ni ghali. Maoni yetu ni kwamba mfugaji mdogo asihangaike kuvuna. Maji ya kijani ayarudishe kwa perege, ambao hula mwani wenyewe. Chakula cha dukani hakitakwisha, lakini kitapungua.

Tahadhari ipo. Si kila ukijani ni chakula. Ule unaotanda Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria upande wa Kenya, huweza kuwa na sumu. Na mwani ukizidi bwawani humaliza oksijeni usiku, samaki wakaelea alfajiri.

Basi ndugu zetu, kabla hamjatuma fedha za bwawa la pili, ulizeni kwanza maji ya bwawa la kwanza yanamwagwa wapi.