Tuachane na Hadithi ya Gramu 30

Mwezi wa Ramadhani uliopita, mwalimu mmoja wa jimu jijini Dar es Salaam aliwashauri vijana wake waache kunyanyua vyuma mpaka Idi. Mwili, alisema, hauwezi kutumia zaidi ya gramu 30 za protini kwa mlo mmoja. Mfungaji ana futari na daku tu, kwa hiyo ataambulia gramu 60 na misuli itakwisha. "Zinazozidi unazikojoa," akamalizia, na vijana wakatikisa vichwa kukubali.

Kauli hiyo imezagaa kila penye vyuma vya mazoezi, na wanaoirudia huitamka kama watu waliochungulia utumbo wa binadamu kwa macho yao. Ni kauli ya uongo.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi, na haufungi mlango protini inapofika gramu 30. Mlo ukiwa mkubwa, tumbo huuachia kidogo kidogo. Protini huvunjwa kuwa asidi amino, na karibu zote hufyonzwa zikaingia kwenye damu. Robo kilo ya steki mbichi ina gramu 50 hivi za protini. Anayeimaliza kwa mishikaki hapotezi 20 chooni. Zinachukua muda mrefu zaidi kufika, basi.

Watetezi wa kikomo hiki hupenda kuegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, uliochapishwa mwaka 2009. Vijana wa kiume sita walifanya mazoezi ya miguu, kisha wakanywa protini ya yai kwa viwango tofauti, kuanzia sifuri hadi gramu 40. Ujenzi wa misuli ulifika kileleni kwenye gramu 20. Lakini ni watu sita, mazoezi ya miguu peke yake, protini ya kunywa, na vipimo vya saa nne tu! Mlo wa nyama na maharage huwa bado unameng'enywa saa nne zikipita. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti waliwafanyisha watu mazoezi ya mwili mzima, na gramu 40 zikajenga misuli zaidi ya 20. Habari hiyo haikufika jimu.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Maastricht, Uholanzi, mwishoni mwa 2023. Ng'ombe walitiwa asidi amino yenye alama, ili protini ya maziwa yao iweze kufuatiliwa mpaka ndani ya msuli wa mnywaji. Wanaume 36 wakafanya mazoezi ya mwili mzima; kundi moja halikupewa protini, la pili likapewa gramu 25, la tatu gramu 100 kwa mkupuo. Waliokunywa 100 walijenga misuli zaidi, na ujenzi huo ulikuwa bado unaendelea saa 12 baadaye. Sehemu iliyochomwa ikapotea ilikuwa ndogo mno. Gramu 100 kwa mara moja, na mwili ukazifanyia kazi!

Wapo wanaojibu kwa ushahidi wa tumbo: wakila nyama nyingi hujaa gesi, hivyo mwili umeikataa protini. Kwa hoja hiyo maharage nayo yangekuwa hayana faida kwa binadamu, wakati yamekuza vizazi vya watoto wa shule za bweni, gesi zao zote zikihesabiwa.

Kinachoudhi zaidi ni gharama ya imani hii. Kijana wa kipato kidogo anaambiwa ale kila baada ya saa tatu, na kwa kuwa hakuna kazi inayomruhusu, anauziwa kopo la unga wa protini, mara nyingi na yuleyule aliyemtia hofu. Dagaa na mayai vipo sokoni. Na nyumbani kwake, mama aliyepika bado anabakiwa na mchuzi wakati finyango zimekwenda kwa wanaume. Huyo ndiye mwenye upungufu halisi wa protini, na hakuna mwalimu wa jimu anayemsemea.

Hesabu yenye maana ni ya siku nzima. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 ulionyesha kwamba kwa anayenyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini hukoma kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, kiwango apangiwe na daktari.

Mfungaji mwenye afya aendelee na vyuma vyake. Gramu hizo 112 azigawe kati ya futari na daku: samaki au kuku, mayai, maharage, maziwa. Na mwalimu wake aache kuwatisha vijana kwa kikomo ambacho hajawahi kukisoma popote.