"More higher" inatoka wapi?

Mtahiniwa, sikubaliani na wanaosema ukitaka kujua Kiingereza usahau Kiswahili. Kwenye kulinganisha, Kiswahili ndicho kinachokuonyesha kosa lako lilikotoka.

Sisi husema "Kilimanjaro ni mrefu kuliko Meru", kisha "ni mrefu kuliko milima yote Afrika". Kivumishi "mrefu" hakibadiliki. Kazi yote inafanywa na "kuliko". Ndiyo maana wanafunzi wangu hapa Temeke huandika "Kilimanjaro is high than Meru", na wakisahihishwa wanarukia "more higher".

Kiingereza hubadilisha kivumishi chenyewe: "higher than Meru". "-er" imeshasema "zaidi", hivyo "more" inarudia tu. Vivumishi virefu kama "expensive" ndivyo vinavyohitaji "more": "A bodaboda is more expensive than a daladala."

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni "kuliko yote". Wengi huandika "high than all mountains". Hapo "than" haina kazi. Andika "the highest mountain in Africa". Ziwa Tanganyika nalo ni "the deepest lake in Africa", na usisahau "the".

"Good, better, best" mnaiimba vizuri tangu kidato cha kwanza. Sina wasiwasi nayo.