Mpaka uliochorwa ubaoni
JICHO LA SIMKONDA

Asubuhi pale mpakani Tunduma, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea, akina mama huvuka na mizigo yao kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Upande huu watasalimiwa kwa Kinyamwanga, na upande ule vilevile. Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hii kwa mkataba wa 1890, ila mkataba haukumzuia mtu kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo. Ndugu hawa wa pande mbili walikuja kutenganishwa baadaye, darasani, katikati ya vita kuu mbili.

Mwanzoni shule iliwaunganisha. Wamisionari Waskoti walikuwa Mwenzo, upande wa Zambia ya leo, tangu miaka ya 1890. Wamoraviani wa Kijerumani walianzia Rungwe mwaka 1891, kisha wakafika Mbozi. Vita vya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, Waskoti haohao wa ng'ambo ndio walioangalia kazi yao hadi katikati ya miaka ya 1920.

Shule ya kijijini ya wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi. Mwalimu alikuwa kijana wa hapohapo, aliyewatangulia wanafunzi wake kwa miaka michache tu ya kusoma. Mtoto aliandika herufi kwa kidole mchangani, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Ulezi ulipoanza kuiva chumba kilibaki kitupu, maana ndege hawasubiri kengele. Wazazi hawakuona kosa hapo: shule ilikuwa ya msimu, shamba lilikuwa la maisha.

Vyumba hivyo vilitoa watu wazito. Donald Siwale, Mnyamwanga aliyefundisha Mwenzo, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ustawi cha Mwenzo mwaka 1923. Mwenzake mmoja alikuwa David Kaunda, baba wa Kenneth Kaunda aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia. Wasomi hao waliketi na kujadili kodi na namna watu wao walivyotawaliwa, zaidi ya miaka 30 kabla ya TANU.

Halafu serikali mbili zikachagua lugha. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilitambua lugha nne za kufundishia: Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi. Kinyamwanga hakikuwemo. Tanganyika ikashikilia Kiswahili. Gazeti la serikali, Mambo Leo, lilianza 1923, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha lugha hiyo kwa Afrika Mashariki. Kinyamwanga hakikuwemo huku pia. Watoto wa ukoo mmoja wakaanza kusomea vitabu ambavyo wasingeweza kuazimana.

Mengi ya hayo hayamo katika historia wanayofundishwa watoto wa Tunduma, Momba na Mbozi. Mkoa wao wa Songwe ulizaliwa 2016 tu, lakini shule zake za kwanza zina zaidi ya karne. Halmashauri na makanisa wanaweza kuanza mwaka huu, bila kusubiri bajeti kubwa: wanafunzi wa sekondari wapewe kazi ya likizo, wakae na wazee wa miaka 80 na zaidi, warekodi kwa simu yale ambayo wazee hao walisimuliwa na baba zao. Swali la kwanza liwe jepesi: mwalimu wa baba yako alimfundisha kwa lugha gani? Swali hilohilo liulizwe Nakonde.